Klabu Hulishwa na Wanachama Wake



Alhamisi iliyopita, adhuhuri, vijana watatu walipiga hodi ofisini kwangu hapa Garsen. Wawili walikuwa Wapokomo na wa tatu Muorma, na wote watatu walikuwa na vumbi la uwanjani mpaka magotini. Baada ya kuamkiana, mkubwa wao akanena: "Bwana Karani, twataka kuifufua timu. Tuandikie barua kwa mheshimiwa, atupe jezi na mipira na nauli ya kwenda kucheza Hola."

Nikawauliza, "Mna daftari la wanachama?"

Wakatazamana. "Bado, Bwana Karani. Jezi zikipatikana, watu watakuja wenyewe."

Maneno hayo si mageni kwangu, na mwisho wake naujua. Kwa hiyo barua sikuiandika. Niliwaambia warudi Jumamosi, na kabla hawajaondoka nikawasimulia habari za klabu mbili ndogo zilizopanda juu, kisha zikaanguka katika mwaka mmoja, yaani 2019. Moja ya Uingereza na moja ya hapa kwetu Kenya. Habari hizo nataka kuwasimulia na ninyi, maana zina mafundisho kwa kila mtu mwenye kushughulika na chama, kiwe cha mpira, cha mpunga au cha maziwa.

Klabu ya kwanza ni Bury. Bury ni mji mdogo karibu na Manchester, nao zamani ulijulikana kwa viwanda vya kufuma nguo za pamba. Wenyeji wake walianzisha klabu ya mpira mwaka 1885, wakacheza katika kiwanja kiitwacho Gigg Lane. Mwaka 1894 iliingia katika ligi ya Uingereza. Mwaka 1900 ilitwaa Kombe la FA kwa kuifunga Southampton mabao 4 kwa 0, na mwaka 1903 ikalitwaa mara ya pili kwa kuishinda Derby County mabao 6 kwa 0. Katika mashindano yote ya mwaka huo haikufungwa hata bao moja. Basi fikirini, mji mdogo kama huo ulizishinda klabu za miji mikubwa.

Baada ya hapo haikupata tena utukufu wa namna hiyo, lakini iliendelea kuishi kwa miaka mingi, ikipanda daraja na kushuka. Kilichoiangusha hakikuwa kushindwa uwanjani. Mwezi wa Mei 2019 vijana wa Bury walikuwa wamekwisha kupata haki ya kupanda daraja. Ugonjwa ulikuwa katika vitabu vya hesabu: kwa miaka kadhaa klabu ilikuwa imelipa mishahara mikubwa kuliko mapato yake, na kiwanja chenyewe kilikuwa kimewekwa rehani. Mwezi wa Desemba 2018 klabu iliuzwa kwa mwenyeji mpya kwa bei ya pauni moja tu. Wenye ligi walitaka waonyeshwe fedha za kulipia madeni, wasionyeshwe. Siku ya mwisho, tarehe 27 Agosti 2019, wapenzi wa klabu walifika Gigg Lane na ndoo na mafagio, wakaosha viti, wakitumaini kwamba mechi ijayo itachezwa. Usiku ule ule klabu yao ilifukuzwa katika ligi iliyokuwa imecheza kwa miaka 125.

Klabu ya pili ni SoNy Sugar ya Awendo, katika Kaunti ya Migori. Hii ilikuwa timu ya kiwanda cha sukari cha South Nyanza. Mji ni mdogo, umezungukwa na mashamba ya miwa, lakini mwaka 2006 timu hiyo ilitwaa ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya, ikaziacha nyuma klabu zote za Nairobi na Mombasa. Siku hizo kiwanda ndicho baba na mama wa timu.

Lakini sukari ina majira yake. Viwanda vya sukari vya serikali vililemewa na madeni, na baba akipungukiwa, mtoto hulala njaa. Tena, mwezi wa Agosti 2019 kampuni ya SportPesa, iliyokuwa ikidhamini michezo mingi nchini, iliondoa fedha zake zote baada ya leseni yake kukataliwa na serikali. Msimu mpya ulipoanza, SoNy Sugar ilikosa fedha, ikashindwa kufika uwanjani katika mechi tatu. Sheria ya ligi ni kwamba timu ikikosa kufika mara tatu hutolewa. Kabla mwaka haujaisha, bingwa wa 2006 alikuwa ametolewa katika Ligi Kuu. Wala si Awendo peke yake palipotokea mambo haya. Oserian, timu ya shamba la maua la Naivasha, ilikuwa bingwa mwaka 2001 na mwaka 2002, na leo kijana wa miaka ishirini hajui hata kwamba ilikuwako.

Sasa msomaji ataniuliza: je, hao Gor Mahia na AFC Leopards hawakunyang'anywa fedha zile zile za SportPesa? Walinyang'anywa. Wachezaji wao walipata taabu, na mishahara ikachelewa. Lakini klabu hizo hazikufa, kwa sababu zina wenyewe. Wapo watu, maelfu kwa maelfu, waonao kwamba klabu ni yao, iwe na mdhamini au isiwe naye.

Na Bury je? Wapenzi wa klabu ile hawakukaa kulia tu. Walianzisha vyama vyao, wakachanga. Mwaka 2022, kwa michango yao na msaada wa serikali, walikinunua kiwanja cha Gigg Lane. Kwa muda walikuwa wamegawanyika makundi mawili, kila kundi likijiona ndilo lenye haki. Lakini mwaka 2023 makundi hayo yalipiga kura kuungana, na jina la Bury likarudi uwanjani. Walianza katika ligi za chini, lakini safari hii klabu haikuwa mali ya mtu mmoja.

Nilipofika hapo, yule kijana Muorma aliniuliza: "Bwana Karani, na timu yetu ile ya zamani iliangushwa na nini?" Swali lile lilinichoma, kwa maana mweka hazina wa timu ile alikuwa mimi.

Wenyeji wa Tana wanakumbuka Agosti na Septemba 2012, wakati ugomvi wa ardhi na maji ulipogeuka vita kati ya Wapokomo na Waorma, na watu zaidi ya mia wakauawa. Baada ya machozi yale, wazee wachache wa pande mbili walikubaliana kwamba vijana wacheze pamoja. Hatukuwa na jezi. Upande mmoja ulivaa mashati na wa pili ukavua. Kila mwanachama alitoa shilingi ishirini kwa mwezi. Msimu wa maembe Wapokomo walitoa kwa urahisi, na wakati wa ng'ombe kukamwa sana Waorma wakatoa kwa niaba ya wenzao. Yote niliyaandika katika daftari. Milingoti ya goli tuliikata wenyewe. Na baada ya mchezo watu walikaa chini ya mwembe mmoja, wakanywa chai ya maziwa, wakaulizana habari za nyumbani.

Kabla ya uchaguzi wa 2017 alitujia mtu mwenye uwezo. Akaleta jezi seti mbili, mipira, gari la kutupeleka mechi, na pilau baada ya mechi. Tulifurahi kupita kiasi. Mwezi wa kwanza watu wanne hawakutoa ada. Mwezi wa tatu hakutoa hata mmoja, na mimi, badala ya kuwadai, nililifunga daftari nikalitia sandukuni. Nilijiambia: ya nini kuwasumbua watu kwa shilingi ishirini, na hali tunakula pilau? Kura zikapigwa, na yule bwana hakuonekana tena. Mwaka 2018 mto ulifurika, ukachukua milingoti. Maji yalipokauka, hakuna aliyeshika panga kwenda kukata mingine. Kila mtu alingoja gari lije. Mwisho vijana wa upande huu walicheza kwao, na wa upande ule kwao, na mwembe ule ukabaki na mbuzi.

Mtu yule simlaumu sana. Alitoa alichotoa, na mpaji hana deni. Kosa lilikuwa letu, tulioiacha mikono yetu ilegee, na kubwa zaidi lilikuwa langu mimi niliyekuwa na kalamu. Hasara yake haikuwa vikombe, kwa kuwa kombe hatukupata kamwe. Tulipoteza mahali pa pekee ambapo kijana wa Kipokomo na kijana wa Kiorma walijuana kwa majina. Siku ya ugomvi, jina la mtu ni ngao kubwa.

Kwa hiyo, ndugu wasomaji, wenye timu na vyama, nawasihi mambo matatu. Kwanza, ada iwe ndogo, lakini kila mtu aitoe, tajiri na maskini, na iandikwe mbele ya macho yao. Pili, kiwanja kiwe na karatasi yake, kijulikane ni cha nani, kisije kikauzwa au kulimwa usiku mmoja. Tatu, akija mfadhili mpokeeni kwa shukrani, lakini zawadi yake iwe kitoweo, wala isiwe ugali. Kitoweo kikikosekana mtu hula ugali na chumvi akaamka salama.

Jumamosi vijana wale walirudi kama tulivyoagana, lakini hawakuwa watatu. Walikuwa kumi na wanane. Daftari jipya nilikuwa nimekwisha kulinunua dukani. Jina la kwanza lililoandikwa ni langu, pamoja na shilingi mia mbili, ndizo ada za miezi kumi niliyowadai wenzangu kwa kunyamaza. Baada yangu waliandika wao, mmoja mmoja. Wanane hawakuwa na kitu siku ile, wakaahidi, na ahadi zao nazo zimeandikwa.

Ama ile barua ya jezi, nimewaambia nitaiandika daftari litakapofikisha miezi sita bila ya ukurasa mtupu. Jumapili alasiri tunakwenda kukata milingoti.