Watoto wa Huruma Nao Wachume Forosadi

Wako watu ambao wakisikia habari ya kupanda forosadi, stroberi au blakiberi nyumbani, mara fikira zao hukimbilia Runda na Lavington, kwenye nyasi zilizofyekwa na mtunza bustani. Huruma, wasema, ni mahali pa ghorofa na kamba za nguo, na tunda lake ni ndizi ya mkokoteni. La hasha! Huruma ndiko hasa kunakostahili miti hii, kwa kuwa ndiko aliko mtoto atimizaye miaka kumi hajapata kuchuma kitu mtini kwa mkono wake akakitia kinywani.

Sisi wa pwani forosadi tumezaliwa tukaikuta, na jina lake ni la Kiarabu. Tulifika chuoni midomo imegeuka rangi ya zambarau, na mwalimu akajua tulikopitia kabla hatujafungua juzuu. Tulikuwa na kunazi pia, tunda la mti ambao majani yake huoshewa maiti. Blakiberi sikuijua mpaka nilipopanda bara. Wakikuyu mmea wake huuita mutare, nao humea wenyewe katika misitu ya Nyandarua bila ya kupandwa na mtu.

Hata hivyo, msomaji wangu, blakiberi si mmea wa kuanzia katika roshani ya Huruma. Una miiba, na watoto hapo hupita wakisukumana. Aina nyingi za Ulaya hutaka baridi kali ndipo zichanue vyema, na baridi ya Nairobi ya mwezi wa Julai haifiki kiwango hicho. Fauka ya hayo, ufito wake aghalabu hukua mwaka huu, ukazaa mwaka ujao, kisha ukafa. Asiyejua hukata ufito mchanga akabakiza mkavu, halafu akamlaumu aliyemuuzia mche.

Mforosadi ni mpole. Kata kijiti cha unene wa penseli chenye macho matatu au manne, kichomeke katika udongo wenye unyevu, nacho kitatoa mizizi. Ndoo iliyotobolewa chini yatosha kuanzia. Mti ukipogolewa hubaki kimo cha mtu, na matunda hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hivyo kisu hakiudhuru. Adui yake ni kuzumburu, ambaye huamka mapema kuliko watoto. Kipande cha chandarua kilichochakaa humzuia.

Stroberi nayo mizizi yake haiendi chini sana, hata mkebe mfupi waifaa, ila tunda lisilalie udongo mbichi kwani litaoza. Litandikie nyasi kavu. Maji yaliyooshewa mchele au mboga yatosha kuinyweshea, nayo ni neema mahali ambapo mfereji hutoa maji kwa zamu. Mkebe usiwe uliotiwa rangi wala dawa.

Sasa nije kwenye jambo linalonikera. Wapo wanaowahimiza watu wa mitaa hii wapandishe magunia ya udongo juu ya paa. Je, wameuliza paa lenyewe limejengwaje? Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, mvua ikinyesha, jengo la ghorofa sita liliporomoka hapo Huruma karibu na mto, wakafa watu wapatao 50. Baadaye majengo mengi ya mtaa yalichorwa alama ya X kuwa hayafai. Gunia la mahindi huwa kilo 90. Lijaze udongo uliolowa, uzito wake utapita huo kwa mbali. Magunia ishirini juu ya nguzo zilizonyimwa saruji si bustani, ni balaa. Mikebe michache chini uani ni bora, na penye mashaka na jengo, paa liachwe kabisa.

Lakini uani wapi? Hapo ndipo mwenye nyumba anapohusika. Amejenga hadi mpaka wa ploti, ukuta ukabusu ukuta, pasisalie hata pa kuweka kigoda. Kaunti ya Nairobi ilipitisha sheria ya kilimo cha mjini mwaka wa 2015, na kilimo hicho kikatambuliwa rasmi. Kutambuliwa huko kwamfaa nini mpangaji asiye na shubiri ya ardhi? Naona ingefaa ramani ya nyumba mpya ya kupangisha isikubaliwe kamwe pasipo ua wa udongo, hata ukiwa mdogo.

Na iko ardhi nyingine. Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, serikali ilibomoa nyumba zilizokuwa ndani ya mita 30 kutoka mtoni, bonde la Mathare likiwamo. Walioondolewa walipoteza makazi, na haki yao ni neno la kusemwa kwa makala yake. Ukingo huo usije ukanyakuliwa na mjenzi mwingine mwenye fedha na mkono mrefu. Upandwe miti ya kushika udongo, mforosadi ukiwa mmojawapo. Kwa kuwa mto hubeba maji ya vyoo, udongo upimwe kwanza kabla ya mtoto kuruhusiwa kuchuma. KALRO wana maabara Kabete.

Mvua ya masika huanza Machi. Mwenye mforosadi hupogoa na kutupa matawi, kwa hivyo vijiti havinunuliwi. Muombeni.