Ukurasa wa Nyumbani: Biskuti za Idi na Rangi Zake

Desturi mpya imeingia majumbani mwetu miaka hii ya karibuni, nayo ni kupamba biskuti za Idi kwa mwezi, nyota na minara, badala ya kuziacha tupu kama zitokavyo jikoni. Sisi hatuoni ubaya wake. Watoto huifurahia, na binti aliyeishika vizuri kazi hiyo aweza kuwauzia majirani akapata riziki yake ya halali. Lakini yako mambo ambayo mama wa nyumba hana budi kuyaangalia kabla kopo la rangi halijafunguliwa.

Kwanza kazi yenyewe. Biskuti hupakwa sukari laini iliyopigwa pamoja na ute wa yai, kadiri ya mayai 2 kwa nusu kilo ya sukari, zikaachwa usiku kucha hata zikauke. Huku pwani kwenye unyevu, usiku mmoja pengine hautoshi. Ziwekwe mbele ya feni, wala zisitiwe katika jokofu, maana zitokapo humo hutoa jasho na rangi ikachuruzika. Kisha stensili, yaani kile kibao chembamba cha plastiki kilichotobolewa maumbo, hulazwa juu ya biskuti, sukari nzito yenye rangi ikapitishwa juu yake kwa kisu bapa, na stensili ikainuliwa wima bila ya kuburutwa. Rangi ya maji huilegeza sukari ikapenya chini na kuharibu umbo. Afadhali ya unga. Na kwa kuwa ute mbichi waweza kuwa na viini vya maradhi, watoto wadogo, waja wazito na wazee watengenezewe kwa ute wa unga uliokwisha kuuawa viini kiwandani.

Yatupasa kusema wazi juu ya stensili za hina na piko, ambazo nazo huuzwa kwa wingi msimu huo huo wa Idi. Piko mara nyingi huwa ni dawa ya kutia nywele weusi, nayo ni sumu ikiingia tumboni. Stensili iliyopita mkononi mwa biarusi isipite juu ya biskuti, hata ikioshwa mara saba. Hali kadhalika rangi ya kutilia ukili wa mikeka: ni rahisi, na hung'aa kuliko ya chakula, lakini si chakula. Kopo lisiloandikwa kuwa ni la chakula, liachwe dukani.

Sasa twaja kwenye rangi nyekundu, ambayo ndiyo yenye maneno. Iko moja iitwayo karmini, huandikwa E120 kwenye kopo, nayo hutolewa katika vidudu vidogo vikaavyo juu ya mipungate, hasa nchini Peru. Hukaushwa na kusagwa kwa maelfu. Katika madhehebu ya Shafi, yafuatwayo na wengi wa pwani yetu, wadudu hawaliwi isipokuwa nzige. Wafuasi wa Malik wana nafasi zaidi, na juu ya rangi hii wanavyuoni wa zama zetu wamekhitalifiana. Mwenye nyumba na amwulize shekhe wake. Ila mgeni asilishwe bila ya kujua.

Nyekundu nyingine, E127, ni ya kiwandani. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilifuta ruhusa yake katika vyakula, ikawapa wenye viwanda muda hadi Januari 2027, kwa kuwa ilionekana kuwapatia saratani panya waliolishwa kwa wingi. Nazo nchi za Umoja wa Ulaya, tangu 2010, zimeamuru chakula chenye rangi sita fulani, E102 na E110 zikiwamo, kiandikwe onyo kwamba zaweza kuwatia watoto utukutu.

Asiyetaka mashaka yote hayo anayo manjano jikoni mwake, kidogo tu, ladha isije ikasikika. Anayo na choya, ichemshwe katika maji machache mpaka yawe mazito. Lakini ute wa yai, hasa la siku nyingi, una tabia ya magadi, na wekundu wa choya ukikutana nao hugeuka zambarau. Matone machache ya ndimu huurudisha; kwa nini iwe hivyo, binti zetu wa shule watatueleza vizuri kuliko tuwezavyo sisi.