Administratere ni nani ndani ya kompyuta yetu?

Ukibofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya mchezo, kwenye kompyuta yenye Windows ya Kifaransa kama zilivyo nyingi pale Kabondo-Dianda, utakuta mstari unaosema “Exécuter en tant qu'administrateur”. Kwa kijana wa Paris maneno haya ni ya kifundi tu. Kwa kijana wa Kabondo, administratere ni mtu anayejulikana: ni AT, Administratere wa Teritware, mwenye ofisi, muhuri na bendera uani. Basi mstari ule unamwambia, “Fanya kama vile wewe ndiwe AT.” Nani angekataa?

Ndiyo maana dawa ya kila ugonjwa wa mchezo wa kompyuta kwetu imekuwa moja. PES haifunguki? Ifungue kama administratere. Mchezo hauhifadhi ulipofikia? Kama administratere. Picha zinakatakata? Jaribu kama administratere, ingawa hilo halihusiani hata kidogo. Mara nyingine dawa inafanya kazi, na ubaya unaanzia hapo, kwa maana dawa iliyoponya mara moja huaminiwa kwa kila homa. Nadai katika makala haya kwamba tunatoa ruhusa kubwa kuliko zote kwa sababu hatukuelewa swali tuliloulizwa, na kwamba kasoro hiyo ni ya lugha kabla ya kuwa ya mashine. Kwa hiyo inatuhusu sisi wa kitivo hiki.

Tuangalie kwanza mashine yenyewe. Katika sekretaria ndogo inayoendeshwa kwa sola, kompyuta ile ile inayoandika barua za kuomba kazi mchana ndiyo inayochezewa mpira jioni. Ndani yake mna TFC za wanafunzi wawili watatu, orodha ya michango ya msiba, programu ya harusi, na PES. Mchezo haukushushwa kutoka intaneti, maana intaneti ya simu ni ghali. Ulikuja ndani ya diski ya nje, kwa mtu aliyetoka Kamina au Lubumbashi kwa treni au kwa lori. Umepita mikononi mwa watu wengi. Kufuli lake limevunjwa zamani, na pembeni yake kuna faili fupi la maelekezo: zima antivirusi, kisha fungua kama administratere. Soma tena maelekezo hayo kwa Kiswahili cha nyumbani. Mtu usiyemjua anakuomba umfukuze mlinzi, halafu umpe funguo zote za nyumba.

Tangu Windows Vista, iliyofika madukani Januari 2007, kompyuta imejifunza kupiga hodi. Dosie ambamo programu hukaa, ile inayoitwa Program Files, imefungwa: programu inaweza kusoma yaliyomo, lakini haiwezi kuandika humo bila ruhusa. Programu ikiomba ruhusa ya kubadili kitu humo, kioo kinaingia giza na dirisha linauliza kama unaikubalia. Mwenye akaunti ya administratere anabonyeza “Oui” tu. Mwenye akaunti ya kawaida anatakiwa kuandika nywila ya administratere. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kubonyeza ni jambo la kidole, na kuandika nywila kunakulazimisha kusimama kidogo na kufikiri. Sasa, kompyuta nyingi kwetu zina akaunti moja tu, nayo ni ya administratere, kwa kuwa akaunti ya kwanza kutengenezwa hupewa cheo hicho. Hakuna aliyekichagua. Mtoto wa miaka kumi anayekuja kucheza mpira jioni ni AT bila kuapishwa.

Kuna fumbo moja ambalo mafundi wengi hulieleza vibaya. Michezo iliyoandikwa kabla ya Vista, kwa mfano Age of Empires II ya mwaka 1999, iliweka kumbukumbu za mchezaji ndani ya dosie yake yenyewe. Ukiusakinisha mchezo kama huo ndani ya Program Files, hauwezi tena kuandika humo. Windows haisemi hapana. Inachukua faili lako kimyakimya na kuliweka katika dosie iliyofichika, VirtualStore, ndani ya akaunti yako, kisha inaudanganya mchezo kwamba mambo yamekwenda sawa. Unacheza wiki nzima bila shida. Siku moja rafiki anakushauri ufungue kama administratere. Sasa mchezo unasoma dosie ya kweli, ambamo hamna kitu, na falme zako zote zimepotea. Ukirudi kufungua kama kawaida, zimefufuka! Nimesikia watu wakisema kompyuta ina pepo. Haina pepo, ina makabati mawili yenye jina moja, na hakuna aliyewaambia.

Dawa iko katika swali la kwanza kabisa la usakinishaji, lile ambalo kila mtu analipita kwa kubonyeza “Suivant, Suivant, Suivant”: mchezo ukae wapi? Badala ya kuukubali mlango wa Program Files, andika C:\Michezo, au D:\Michezo kama diski imegawanywa. Windows kwa kawaida huiacha akaunti ya kawaida iandike ndani ya dosie mpya ya namna hiyo. Ruhusa ya administratere huenda ikahitajika siku ya kusakinisha, kwa kuwa michezo mingi huja na vipande vya kuongeza ndani ya mfumo. Siku ya kucheza haihitajiki. Kusakinisha ni kujenga, kucheza ni kukaa. Mwashi akimaliza kazi harudi kila asubuhi kuchukua funguo. Mchezo unaodai cheo kila unapofunguliwa umewekwa mahali pabaya, au una jambo linguine unalolifanya.

D: ina faida nyingine inayojulikana na kila aliyewahi kupeleka kompyuta kwa fundi. Fundi akishindwa kuelewa ugonjwa, anaformata C: na kuanza upya. Kilichokaa D: kinabaki. Lakini hapa watu wengi hujidanganya: kuuweka mchezo D: hakuhamishi kumbukumbu zake. GTA San Andreas huandika kumbukumbu ndani ya Documents, katika dosie yake ya “User Files”. PES 2013 nayo huandika ndani ya Documents, chini ya KONAMI. Documents kwa kawaida iko C:. Ndivyo unavyookoa gigabaiti nyingi za mchezo ambao ungeweza kuupata tena kwa jirani, na kupoteza msimu mzima wa ligi, na TFC iliyokuwa dosie mbili pembeni yake. Ligi utaicheza tena. TFC ni habari nyingine, na afadhali nakala yake ikae katika flashi isiyoguswa na mtu.

Nirudi kwenye lugha, ambako ndiko hasa nilikotaka kufika. Windows ya Kifaransa inakuonyesha dosie iitwayo “Programmes” na nyingine iitwayo “Utilisateurs”. Majina hayo ni pazia. Nyuma yake dosie hizo zinaitwa Program Files na Users, kwa Kiingereza, na programu inazijua kwa majina hayo. Mwanafunzi anayeandika njia kwa mkono akafuata anachokiona kwa macho, C:\Programmes, anaweza kutengeneza dosie mpya kabisa pembeni, kisha akashangaa kwa nini mchezo hauonekani. Kinyume chake pia hutokea. Kundi la watawala wa mashine, katika Windows ya Kifaransa, linaitwa kweli “Administrateurs”, na hati ya maagizo iliyoandikwa na Mmarekani kwa jina la Kiingereza inagonga mwamba kwenye mashine ya Kabondo. Tafsiri moja ni pazia, nyingine ni jina halisi, na hakuna alama ya kuzitofautisha. Sijui mfano bora zaidi wa kufundishia tofauti ya jina na kitajwa, na huu hauhitaji kitabu kutoka Ulaya.

Hata majina yetu ya ubatizo yamo katika kesi hii. Akaunti inapotengenezwa kwa jina la Thérèse au Désiré, Windows hutumia jina hilo kuita dosie ya mwenyewe, pamoja na vialama vyake juu ya herufi. Programu nyingi za zamani ziliandikwa na watu waliodhani ulimwengu mzima unaandika herufi za Kiingereza tu. Zikikutana na é ndani ya njia, zinakataa kuhifadhi au zinaanguka. Thérèse anaambiwa afungue kama administratere. Haimsaidii, maana tatizo halikuwa cheo. Lilikuwa lafudhi yake. Akitengeneza akaunti, aandike Therese bila vialama, ingawa inaudhi kwamba ni yeye anayepaswa kujirekebisha.

Kiswahili kimekwisha kuingia kompyutani, tusijifanye hakijaingia. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza Kiswahili, na Microsoft nayo imetafsiri sehemu ya Windows. Istilahi zipo: kusakinisha, kabrasha, nywila, msimamizi. Nazikubali nyingi, ingawa bado sijamsikia mtu wa Kabondo akisema kabrasha. Kwetu ni dosie, na Dar es Salaam kwenyewe wengi husema folda. Lakini “msimamizi” linanisumbua. Msimamizi ni anayesimama na kuwatazama wengine wakifanya kazi, kama katika chumba cha mtihani. Administratere wa kompyuta hatazami. Anabomoa na kujenga. Na mwenzake, “mtumiaji wa kawaida”, amepewa jina la kudharauliwa: nani aliyenunua mashine kwa jasho lake atakubali kuwa wa kawaida ndani yake? Naamini watu wanakataa akaunti hiyo kwa sababu ya jina, si kwa sababu ya kazi yake.

Mimi ningesema mwenye nyumba na mpangaji. Mpangaji analala vizuri, anapika, anapokea wageni, ila havunji ukuta. Mwenye nyumba anaweza kuishi kama mpangaji siku zote katika nyumba yake mwenyewe, na kuchukua nyundo siku ya ujenzi tu. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba mfano huo utaleta mawazo ya kodi ya nyumba. Labda. Lakini kila mtu wa Kabondo anajua mpangaji ni nani na mipaka yake iko wapi, na AT hajawahi kumfundisha mtu yeyote kuhusu ukuta.

Wapo watakaosema kwamba michezo ni ya watoto, na kitivo cha lugha kina ngeli, methali na ushairi vya kutosha. Methali nazipenda. Lakini kila mwaka tunapanga foleni kuandika TFC juu ya methali zile zile, wakati Inno Setup, chombo kinachotumika kutengeneza visakinishi vya programu na michezo mingi, kinaweka sentensi zake zote katika faili la maandishi ya kawaida. Ni mistari mia chache. Hakuna programu ya kuandika. Kuna kutafsiri tu, na kila mstari ni mtego: utasemaje “Suivant” kwa neno linaloingia ndani ya kitufe? Utamwita nani “vous” bila kumkosea heshima mzee wala kumchekesha mtoto? Utaandikaje onyo litakalosomwa na mtu aliyelipia dakika chache za kucheza? Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Sentensi hizi husomwa, au hupitwa bila kusomwa, kila siku katika sekretaria zetu, nasi hatujazigusa.

Ningeanzia na lile dirisha la giza. Likikutana na programu isiyo na saini, hugeuka rangi ya manjano na kuandika kwamba mtoaji wake hajulikani. Jaribio langu ni hili: “Programu hii inataka kubadili vitu ndani ya kompyuta yako. Aliyeileta hajulikani. Umfungulie?” Nililisoma kwa sauti mbele ya vijana waliokuwa wakisubiri zamu yao ya PES. Mmoja aliinua kichwa na kuuliza, “Hajulikani na nani?”