Virusi vya Newala na Wasomaji Wake

Mwaka 1952 ugonjwa usiojulikana ulizuka katika nyanda za juu za Wamakonde, kusini mwa Tanganyika. Wagonjwa walishikwa na homa ya ghafla na maumivu makali ya viungo, hata wengine wakashindwa kusimama wima. Wenyeji wakauita kwa neno la Kimakonde lenye maana ya kukunjika, na neno hilo, chikungunya, sasa limo katika vitabu vya tiba vya dunia nzima. Mwaka 1955 Marion Robinson alichapisha maelezo ya dalili zake, na W.H.R. Lumsden akaeleza jinsi ulivyoenea: nyanda hizo zilikuwa na uhaba wa maji, watu wakayahifadhi majumbani, na mbu aina ya Aedes aegypti wakazaliana katika vyombo hivyo. Damu ya wagonjwa ilipelekwa Entebbe, Uganda, ambako R.W. Ross alivitenga virusi vyenyewe.

Hivyo basi, Newala ilitoa ugonjwa, jina na damu, lakini usomaji wa damu hiyo ulifanyika mbali. Wakati ule hapakuwa na njia nyingine, kwani maabara ya virusi haijengwi kila wilaya. Leo sehemu kubwa ya usomaji huo hufanywa kwa kompyuta, na hapana sababu ya mwanafunzi wa Kitangari kubaki mtazamaji.

Jenomu ya virusi vya chikungunya ina herufi zipatazo 11,800 tu, kiasi cha kurasa chache za chapa. Mashine za kusoma jenomu, hata hivyo, hutoa vipande vifupi vingi mno. Vipande hivyo hupitishwa katika mfululizo wa hatua: kupima ubora wake, kukata sehemu mbovu, kuvipanga juu ya jenomu ya rejea, kisha kutafuta tofauti. Zamani kila hatua ilidai programu yake, amri za kuandikwa kwa mkono na kompyuta yenye nguvu. Mfumo uitwao Galaxy, ulioanzishwa Marekani mwaka 2005, uliziweka hatua hizo katika kivinjari cha intaneti. Mtumiaji huchagua zana na kuziunganisha. Kazi nzito hufanywa na seva iliyo mbali. Kuzitumia seva zake za umma hakuhitaji malipo.

Wako watakaosema kwamba intaneti ya vijijini haiwezi kubeba mafaili makubwa kiasi hicho. Hoja hii ina uzito, lakini si kizuizi kamili. Seva inaweza kuchukua takwimu moja kwa moja kutoka hazina za umma. Mwanafunzi hutuma namba ya utambulisho peke yake na kupokea matokeo. Mzigo haupiti katika waya wa shule.

Somo la kuanzia lipo tayari. Jenomu ya virusi vya aina ya S27, vilivyotoka Tanganyika katika mlipuko ule wa 1952 na 1953, imo katika hazina za umma. Zimo pia jenomu kutoka kisiwa cha Réunion, ambako watu zaidi ya 200,000 waliugua mwaka 2005 na 2006. Wataalamu walipolinganisha virusi hivyo waligundua kwamba badiliko la herufi moja, katika protini iitwayo E1, lilivisaidia kuenezwa vizuri zaidi na mbu wa aina nyingine, Aedes albopictus. Mwanafunzi atakayeiona herufi hiyo kwa macho yake ataelewa mageuzi ya viumbe kuliko kwa kukariri kurasa kumi.

Hata hivyo, urahisi wa kubonyeza una hatari yake. Asiyejua kwa nini sehemu mbovu hukatwa atapata jibu zuri kwa sura na potovu kwa maana. Galaxy huhifadhi historia ya kila hatua, toleo la kila zana na vipimo vilivyochaguliwa, na mtu mwingine anaweza kuirudia kazi yote. Mwalimu na asahihishe historia hiyo kama asahihishavyo njia katika hesabu, asitazame jibu peke yake. Aidha, takwimu za wagonjwa haziruhusiwi kutumwa kwenye seva yoyote bila idhini na taratibu za nchi.

Jambo la mwisho ni la kujitegemea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Programu ya Galaxy iko huru: chuo chochote kinaweza kuisimika katika seva yake. Mtandao wa H3ABioNet, ulioanzishwa mwaka 2012 ukiongozwa kutoka Chuo Kikuu cha Cape Town, ulionyesha kwamba Waafrika wanaweza kufundishana elimu hii wakiwa katika nchi mbalimbali. Hapana budi vyuo vikuu vya Tanzania viwe na seva zilizo wazi kwa shule, na vyuo vya ualimu, kikiwemo cha Kitangari, viwafundishe walimu kuzitumia. Mlipuko mwingine ukizuka Newala, damu huenda ikalazimika kusafiri tena. Maarifa ya kuisoma yawe yamekwisha kufika.