Aliyepakua Mzigo Ni Nani?

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Hawakuwahi kuketi Mikumi wakaitazama barabara kuu itokayo Dar es Salaam, ipitayo malori usiku na mchana kuelekea Zambia, Malawi na Kongo. Nilikuwa nikisubiri gari la Kilosa, nimekaa kwa mama ntilie kando ya barabara hiyo, ndipo utingo mmoja aliponisogezea simu yake. "Mzee, hebu sikiliza hii." Sauti ya Kiswahili ilieleza kwamba Urusi inapigana Ukraine kwa ajili ya kuikomboa Afrika, na kwamba anayesema vinginevyo ni kibaraka wa mabeberu. Nikamuuliza: nani huyu asemaye? Hakujua. Alitumiwa na mwenzake wa Tunduma, naye alitumiwa na mtu wa Lubumbashi.

Mimi ni mfasiri. Kazi hii sikufundishwa chuoni. Nimejifunza kwa kamusi na taa ya chemli. Lakini sikio langu lilitambua upesi kwamba maneno yale hayakuzaliwa katika Kiswahili. Yalifasiriwa. Upo mkono ulioyavusha, nao umejificha. Kwa hiyo nasema wazi: uongo huu hautatufikia bila ya sisi wenyewe kuubeba, na ulinzi dhidi yake ni kazi yetu wenye lugha kabla ya kuwa kazi ya mtu mwingine yeyote.

Wapo waandishi wetu, tena wenye majina, wanaosema kuwa huu ni ugomvi wa Wazungu usiotuhusu. Nawajibu kwa yaliyowapata jirani zetu. Tarehe 30 Oktoba 2019 kampuni ya Facebook ilitangaza kuondoa kurasa na akaunti zilizohusishwa na Yevgeny Prigozhin, tajiri wa Kirusi aliyelifadhili kundi la mamluki la Wagner. Zilizilenga nchi nane za Afrika, zikiwamo Msumbiji, Madagascar na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kurasa hizo zilijitia kuwa za wenyeji, na baadhi ya wenyeji walitumika kuziendesha. Msumbiji ilikuwa imepiga kura tarehe 15 ya mwezi uo huo, na mamluki wa Wagner walikuwa wamekwisha kutua Cabo Delgado. Je, ng'ambo ya mto Ruvuma ni Ulaya?

Watasema: Warusi walitusaidia katika ukombozi. Naam, walisaidia, na asiyeshukuru ni mtovu wa adabu. Lakini msaada ule ulitoka Umoja wa Kisovieti, na Ukraine ilikuwa sehemu ya umoja huo. Vijana wa Afrika walisoma Kyiv kama walivyosoma Moscow. Ikiwa shukrani ni haki, basi tunamshukuruje mmoja wa wafadhili wetu kwa kumsaidia kumsingizia mwenziwe? Deni la bunduki za jana halilipwi kwa akili za watoto wa leo.

Na watoto wamekwisha kufa. Mwaka 2022 kijana wa Zambia aliyekwenda Urusi kusoma, akafungwa huko, aliuawa katika vita vya Ukraine. Nchi yake ilipodai maelezo, Prigozhin alijibu kwamba kijana alijitolea kwa hiari yake na amekufa shujaa. Oktoba ya mwaka huo huo alikufa Mtanzania kwa njia ile ile: alikwenda kusoma, akahukumiwa kifungo, akaahidiwa kuachiwa huru iwapo atapigana. Serikali yetu ililithibitisha hilo Januari 2023. Mfasiri anaulizwa hapa: je, neno lao hilo utalitia katika Kiswahili kwa herufi sita tu za "shujaa", bila ya kutaja jela? Ukifanya hivyo hukufasiri. Umemzika kijana mara ya pili.

Hila hii si mpya. Mwaka 1983 gazeti moja la New Delhi lilichapisha barua isiyo na jina iliyodai kuwa UKIMWI ulitengenezwa na Wamarekani katika maabara ya kijeshi. Vyombo vya Kisovieti vikaieneza hadithi hiyo katika makumi ya nchi na lugha, mpaka mwaka 1992 Yevgeny Primakov, mkuu wa ujasusi wa Urusi, alipokiri kuwa idara ya zamani ilihusika. Mwaka uo huo wa 1983 ndio waliotambuliwa wagonjwa wa kwanza Kagera. Tulikuwa tukizika, na wengine wakiuza hadithi.

Msinidhanie kuwa nawatetea wa Magharibi. Tuliambiwa mwaka 2003 kuwa Iraki ina silaha za maangamizi, hazikuonekana. Desemba 2020 Facebook hiyo hiyo iliondoa pia akaunti zilizohusishwa na watu wa jeshi la Ufaransa, zilizokuwa zikishindana na za Warusi katika Afrika ya Kati na Mali. Kipimo ni kimoja kwa wote. Wala sitaki serikali ifanywe mlinzi wa pekee wa ukweli. Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimwa Tanzania nzima. Giza lile halikuua uvumi, liliulisha.

Sasa tulinde vipi? Niliifikiria njia ya reli niliyokuwa naikaribia. Kutoka Kilosa kuna tawi lipitalo Mikumi hadi Kidatu, linapokutana na reli ya TAZARA. Reli ya kwanza ina upana wa milimita 1,000, ya pili 1,067. Kwa tofauti hiyo ndogo, behewa la huku haliendi kule: mzigo hauna budi kupakuliwa na kupakiwa upya kwa mikono ya watu. Baina ya lugha mbili ni vivyo hivyo. Hakuna neno livukalo lenyewe, na kuli anayepakua ndiye wa kwanza kuona gunia limebeba nini.

Basi enyi wafasiri, watangazaji na wahariri, mkiwamo nyinyi wa jarida hili: kila neno mlivushalo kutoka mbali, andikeni nani alilisema, wapi, lini, kwa lugha gani, na nani amelifasiri. Asiyetaka jina lake lionekane chini ya tafsiri yake, asiifasiri.

Utingo yule aliniuliza tulipoagana: "Sasa mzee, nimwamini nani?" Nilimwambia asiniamini hata mimi, mpaka nimwoneshe nilikolitoa neno langu. Alicheka, akapanda lori, akaenda zake Tunduma na simu yake mkononi.