Mali ya Nyumbani: Reale ya Mwaka 1780

Ziko jamaa za pwani ambazo mpaka leo zimeweka akiba reale ya fedha waliyoachiwa na wazee. Ni sarafu kubwa, yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda utaji, na upande wa pili pana tai mwenye vichwa viwili. Mwanamke huyo ni Maria Theresa, mtawala wa Austria. Katika karne ya 19 reale hizo zilitumika sana katika biashara ya Unguja, Mombasa na Lamu, kabla ya rupia kushika mahali pake.

Mwenye reale husoma juu yake mwaka 1780, akadhani ya kuwa ana sarafu ya zamani sana ipatayo mali nyingi. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Maria Theresa alifariki mwaka huo, na kwa kuwa watu wa Habeshi na Arabuni walikuwa wameizoea sura yake na kuiamini, mafundi waliendelea kuipiga sarafu ile kwa tarehe ile ile. Ilipigwa Vienna, ikapigwa Roma tangu 1935, London tangu 1936, na Bombay wakati wa Vita Kuu ya Pili. Basi mwaka ulioandikwa si umri wa sarafu.

Yafaa kuipima kwa mambo matatu. La kwanza ni uzito. Reale kamili ina gramu 28 na kidogo. Iliyotumika sana hupungua kidogo tu. Ikipungua sana, ishuku.

La pili ni ukingo. Pembeni pameandikwa kwa Kilatini maneno ambayo maana yake ni Haki na Huruma. Herufi zake ziwe wazi. Sarafu ya bandia iliyomiminwa katika kalibu huwa na herufi zilizofifia, na uso wenye vitundu vidogo vidogo. Sumaku haivuti fedha. Lakini haivuti risasi pia, kwa hiyo sumaku peke yake si ushahidi.

La tatu ni uchakavu. Tazama mahali palipoinuka: bizimu ya begani, mikunjo ya utaji, na manyoya ya kifua cha tai. Hapo ndipo panapolika kwanza. Ikiwa lulu za bizimu zahesabika na manyoya yaonekana moja moja, daraja yake ni ya juu. Ikiwa pamekuwa laini kama kokoto ya mtoni, daraja ni ya chini. Iliyotobolewa au kutiwa kikuku kwa lehemu ili ivaliwe shingoni hupoteza thamani kwa wakusanyaji, ingawa fedha yake ni ile ile.

Jambo moja twalikataza kabisa: usiisugue kwa majivu, mchanga wala ndimu. Weusi wa miaka si uchafu. Mjuzi huutambua mara moja uso uliosuguliwa, naye hushusha bei.

Na bei je? Sehemu 5 katika 6 za reale ni fedha safi, yaani gramu 23 na zaidi, karibu robo tatu ya aunsi ya masonara. Ulizia bei ya aunsi ya fedha siku hiyo, chukua robo tatu yake: hiyo ndiyo thamani ya fedha iliyomo. Reale nyingi hazizidi hapo sana. Zile za mwanzo zilizopigwa Günzburg huzidi mno, lakini ni adimu, na herufi S.F. zilizo chini ya sura hazitoshi kuzithibitisha, kwani zimefuatishwa katika zile za baadaye.

Kwa hiyo, usiuze kabla hujapima wala kwa mnunuzi wa kwanza. Akupaye chini ya thamani ya fedha anakupunja. Naye akuambiaye kuwa reale yako itanunua shamba anakupumbaza. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.