Kutoka Kitaji Hadi Pangani kwa Mfuko Mdogo



Baba mmoja wa Kitaji, mjini Musoma, ametuandikia juu ya azma njema. Mama yake mzazi yuko Pangani, umri umemlemea, na wajukuu watano waliozaliwa kando ya Ziwa Victoria hawajapata kumwona. Baba huyu ana gari aina ya Noah. Ameyaona magari ya wageni yaingiayo kwa mpaka wa Sirari, yenye vitanda na jiko ndani, naye ataka kulitengeneza lake kwa mfano huo, kisha aipitishe familia pwani yote: Tanga, Pangani, Bagamoyo, Dar es Salaam hadi Kilwa, wakilala garini ili waepuke gharama ya nyumba za wageni. Pale fedha zitakapopungua, amekusudia kukopa. Mkopo wenyewe una riba.

Hilo la mkopo halina mjadala mrefu. Safari hii asili yake ni kuunga udugu na kumtendea wema mzazi, na wema huo haujengwi juu ya jambo ambalo Allah ameliharamisha kwa ukali usiofichika. Wala hauhitaji vitanda vya mbao. Viti vilivyolazwa na godoro jembamba la sponji vyatosha. Kama fedha iliyopo haifiki Kilwa, basi safari isifike Kilwa.

Na tuihesabu. Njia ya kupita ndani ya Serengeti kwenda Arusha ni fupi kwa macho, lakini hifadhini na Ngorongoro watu na gari hulipiwa, na barabara ile hula matairi. Afadhali kuzunguka: Bunda, Lamadi, Bariadi, Maswa, Shinyanga, Nzega, Singida, Babati, Arusha, Moshi, Korogwe hadi Tanga na Pangani. Kurudi, washike Segera, Msata na Bagamoyo, waingie Dar es Salaam, kisha Morogoro, Dodoma na Singida. Mzunguko huo ni kama kilomita 3,100. Gari likienda kilomita 10 kwa lita, ni lita 310. Tukichukulia shilingi 3,000 kwa lita, ni shilingi 930,000. Bei halisi aitazame katika tangazo la EWURA la mwezi wa safari. Kilwa yaongeza kilomita kama 600 kwenda na kurudi Dar es Salaam, yaani shilingi 180,000 za mafuta pekee, kabla ya chakula cha siku za ziada na mashua ya kuvukia Kisiwani.

Kuiacha Kilwa kunauma, nakiri. Ni mji alioutembelea Ibn Battuta mwaka 1331, na msikiti wake mkuu bado umesimama magofu yenye haiba. Lakini watoto wataona magofu ya misikiti na makaburi ya kale Tongoni, njiani kati ya Tanga na Pangani, na mengine Kaole karibu na Bagamoyo. Historia ya Uislamu wa pwani hawataikosa.

Sasa usingizi, maana hapo ndipo nilipomwona ndugu yetu amefanya haraka. Watu saba hawalali ndani ya Noah. Binti yake mkubwa ana miaka 14 na kijana anayemfuata ana 12, Mtume (s.a.w) ameelekeza watoto watenganishwe malazi wafikapo miaka kumi, na agizo hilo halisimami kwa sababu tupo safarini. Mama na mabinti walale garini, madirisha yamefunikwa kwa pazia lakini yameachiwa upenyo wa hewa na chandarua. Baba na wavulana walale hemani ubavuni mwa gari. Jiko la mkaa lisiingizwe garini hata dakika moja, wala injini isiachwe ikiunguruma watu wamelala, kwani moshi wake huua pasipo kumwamsha mtu.

Wasiegeshe popote giza linapowakuta. Wafike kituoni kabla ya Magharibi, waende msikitini, wamtafute imamu, wamweleze ni nani na waombe mahali. Akisema hapana, watafute nyumba ya wageni ya bei nafuu. Kwa hiyo fedha ya usiku miwili ya namna hiyo iwemo katika hesabu. Siku ya kwanza waishie Singida, ya pili Moshi, ya tatu Pangani. Dereva ni mmoja, na anayesukuma gari usiku ili aokoe siku moja ameweka rehani roho saba.

Katika madhehebu ya Shafi ambayo wengi wetu tunayafuata, watapunguza swala za rakaa nne na kujumuisha baada ya kuvuka mipaka ya mji wao. Lakini kwa kuwa wamenuia kukaa Pangani wiki nzima, tangu kufika kwao huko wataswali kamili. Wasiondoke Ijumaa baada ya alfajiri wakaipoteza swala ya Ijumaa, Alhamisi ni siku ambayo Mtume (s.a.w) alipenda kusafiri.

Wakati bora ni likizo ya Juni, masika yakiwa yameisha. Wabebe mchele, unga, mtungi mdogo wa gesi, na dagaa wa Musoma wa kutosha kula na kumpelekea bibi. Mama wa nyumba asigeuzwe mpishi wa barabarani wakati wengine wanapiga picha. Wavulana hao wawili wanaweza kuteka maji na kuosha vyombo, na baba kupika si aibu.

Fedha ya mafuta ya kurudi, pamoja na ya tairi na fundi, itengwe kabla ya kuondoka na akabidhiwe mama aiweke, isiguswe hata bibi akiomba wakae wiki ya pili. Kisha ndugu yetu ampigie mama yake simu leo, si Juni, amwambie tarehe. Mtu wa umri ule hungoja vizuri zaidi akijua siku anayoingojea.